Lensi nafuu ya sinema ikifunguliwa mpaka mwisho: dhana potofu na ukweli

Lensi ya sinema ya bei nafuu, mfano milimita 50 ya T1.5, ikifika mikononi mwa mpiga video wa Mbeya hufunguliwa tundu lote, hulengwa popote, kisha hutolewa hukumu: "haiko shapu." Mara nyingi kilichoshindwa hapo ni kipimo chenyewe. Lensi nayo ina kasoro zake, ila kila kasoro ina sura yake, na sura hiyo huonekana tu ukishaondoa makosa ya mpimaji.

Dhana: T1.5 ni f/1.5 iliyoandikwa kwa herufi nyingine.

Namba ya f ni hesabu tu: urefu wa fokasi (hapa ni ile milimita 50) kugawanya kwa kipenyo cha tundu. Namba ya T hupima mwanga unaofika kwenye sensa baada ya vioo kula sehemu yake. Lensi ya f/1.4 inayopitisha asilimia 87 ya mwanga huandikwa T1.5. Kwa ukali wa picha na kina cha fokasi (eneo linaloonekana kali mbele na nyuma ya ulipolenga) inabaki f/1.4. Kwa hiyo ukiishindanisha na lensi ya picha za kawaida iliyo kwenye f/2.8, hii ya sinema iweke karibu na T3.

Dhana: lenga kilele cha mlima Loleza, utajua kama lensi inafaa.

Utakachojua ni hali ya hewa. Saa sita mchana joto hupanda kutoka kwenye mabati na lami, hewa hucheza, na miti ya mlimani huyeyuka hata kwa lensi ya mamilioni. Asubuhi napo kuna ukungu. Wa Iringa wanaolenga jiwe la Gangilonga kutoka mjini wanaangukia mtego uleule. Kitu cha mbali kinafaa kukagua kama lensi inafika alama ya umbali usio na mwisho. Ukali upime karibu, ndani au kivulini.

Dhana: bandika gazeti ukutani, piga, tazama pembe za picha.

Wazo si baya, utekelezaji ndio unaoliharibu. Chukua milimita 50 kwenye sensa ya milimita 36 kwa upana, mita 2 kutoka ukutani. Fremu inafunika takribani mita 1.4. Kwenye f/1.4 kina cha fokasi, kwa kipimo cha kawaida cha vitabu, ni kama sentimita 13. Lakini anayekuza picha ya 4K (pikseli 3,840 kwa upana) mpaka aone pikseli amejibana: kwa jicho hilo kinabaki kama sentimita 4, yaani 2 mbele na 2 nyuma. Kamera ikipinda digrii 2 tu, ncha moja ya ukuta inakuwa karibu sentimita 2.5 mbele ya mahali pake na nyingine 2.5 nyuma. Pembe zote zimeshatoka nje ya fokasi, na lensi haina kosa lolote.

Dawa ni kioo kidogo cha kujitazamia. Kibandike kilale bapa ukutani katikati ya fremu, kisha sogeza kamera mpaka lensi ijione yenyewe katikati kabisa ya picha. Hapo fokasi iweke mara mbili ya umbali wa ukuta, maana unatazama taswira iliyo ndani ya kioo. Lensi ikijiona katikati, kamera na ukuta vimenyooka. Kaza stendi, toa kioo.

Bandika kurasa tano za gazeti zenye maandishi madogo: moja katikati, nne pembeni. Ondoa vichujio vyote, zima kituliza mtikisiko, weka ISO ya chini, na punguza ukalishaji wa picha ndani ya kamera mpaka mwisho. Usipoupunguza, kamera itachora mistari ambayo lensi haikuileta.

Sasa kuza skrini na anza kurekodi. Zungusha ringi ya fokasi polepole, kutoka mbele ya ukuta mpaka nyuma yake, ukitazama ukurasa wa katikati tu. Rudia kwa kila pembe, pembe moja kwa wakati mmoja. Baadaye chagua fremu bora ya kila mzunguko. Rangi za msaada wa fokasi zinazomeremeta kwenye skrini usiziamini kwa kazi hii, kwani huwaka popote penye utofauti mkubwa wa mwanga na giza, hata fokasi ikiwa imepita kidogo.

Pembe zote nne zikiwa kali baada ya kurekebishiwa fokasi yake, tatizo ni mpindo wa uwanja wa fokasi: lensi inaona kama bakuli, ukuta ni bapa. Bibi harusi hajabandikwa ukutani, basi kasoro hiyo si ya kukukosesha usingizi. Pembe zote nne zikikataa kuwa kali popote uzungushapo ringi, hapo ndipo mwisho wa lensi, na kuifunga mpaka T2.8 au T4 kwa kawaida husaidia. Upande mmoja ukiwa mzuri na mwingine mbovu, shuku kioo kilichokaa upande ndani ya lensi, au adapta (pete ya kuungia lensi kwenye kamera ya mlango tofauti). Kabla ya kulaumu, geuza kamera juu chini na urudie, ukianza na kile kioo cha kunyoosha. Ubovu ukibaki upande uleule wa ukuta, hukunyoosha vizuri. Ukihamia upande wa pili pamoja na kamera, ni lensi au adapta.

Dhana: adapta ni bomba tupu, haina kioo, haiwezi kuharibu ukali.

Lensi ya mlango (sehemu ya kufungia lensi) wa Canon EF inahitaji kukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, wa Sony E 18, kwa hiyo adapta kati yao lazima iwe milimita 26. Ikiwa fupi kidogo, lensi itapita alama ya umbali usio na mwisho na namba za umbali kwenye ringi zitadanganya. Hilo linavumilika. Kisichovumilika ni kukaa upande. Kwenye f/1.4, nafasi ambayo sensa inaweza kusogea bila ukali wa 4K kupotea ni kama milimita 0.026, chini ya nusu ya unene wa unywele. Shika lensi uitikise taratibu: ikicheza ndani ya adapta, mtihani wote ni bure. Gia ya kuzungushia ringi ya fokasi nayo husukuma lensi upande mmoja, na ndiyo sababu lensi nzito huwekewa kishikizo chini yake.

Dhana: mng'ao laini kwenye T1.5 maana yake kioo kibovu.

Tazama vizuri: je, herufi zipo chini ya huo utando mweupe? Kama zipo, miale ya ukingoni mwa kioo haikutani na ya katikati mahali pamoja. Lensi nyingi angavu zina tabia hiyo, na wapo wanaoitafuta kwa ajili ya sura za watu. Kingo za zambarau mbele ya fokasi na za kijani nyuma yake ni ndugu wa tatizo hilo. Vyote hupungua ukifunga hatua mbili (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu). Ila lensi za aina hii huhamisha fokasi kidogo zikifungwa, hivyo ukilenga kwenye T1.5 kisha ukafunga mpaka T2.8, lenga upya.

Dhana: jua la Uyole linatosha, vaa ND (kichujio cha kupunguza mwanga) upime nje.

Kwa ISO 800, shata 1/50 na f/1.4, jua kali linataka kupunguzwa hatua kama 11. Ukivaa ND mbili za bei rahisi, moja juu ya nyingine, unapima hivyo vichujio.

Dhana: lensi nafuu haiwezi 4K.

Pikseli 3,840 kwenye milimita 36 haziwezi kuandika zaidi ya jozi 53 hivi za mistari kwa milimita. Kwa video ya 1080 (pikseli 1,920 kwa upana) ni kama 27. Lensi nyingi nafuu hufika huko katikati ya picha kwenye T2.8 bila jasho.

Dhana: ilikuwa nzuri mwaka jana, sasa imechoka.

Lensi haichoki hivyo. Kwa hali ya hewa ya Tukuyu, shuku ukungu, na Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Ukiitoa kwenye baridi ya Kitulo ukaiingiza jikoni penye moto, umande hutanda juu ya kioo. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia, uifungue ikishapata joto la ndani. Ukungu mwingine huota ndani kwa miezi ya unyevu na kufifisha picha. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mbele ukiwa umeinamisha lensi kidogo. Kilichofanana na utando wa buibui ni ukungu, kazi ya fundi. Vumbi chembe tatu nne liache lilivyo.