Kwa nini mke wa Rockefeller alitembeza bakuli ili kuanzisha MoMA?

Je, wajua kwamba MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, lilibuniwa na mke wa mrithi wa utajiri wa mafuta wa Rockefeller, na bado mke huyo alilazimika kuwachangisha marafiki ili milango ifunguliwe? Jina lake ni Abby Aldrich Rockefeller. Mumewe, John D. Rockefeller Jr., hakuipenda sanaa hiyo hata kidogo, na akakataa kuutolea mradi fedha.

Si kwamba mume alikuwa bahili. Katika uhai wake alitoa zaidi ya dola milioni 500 kwa makanisa, hifadhi za taifa na mambo mengine mengi. Macho yake yalipenda vyombo vya kale vya kauri kutoka China na mazulia ya ukutani ya Ulaya ya zama za kati. Picha ambayo mtu haoni mara moja ni ya nini ilimkera. Kwa hiyo katika nyumba yao ya ghorofa tisa, namba 10 mtaa wa West 54, Abby alizitundika picha zake ghorofa ya saba, mbali na mume. Alinunua kwa posho yake na kwa urithi wa baba yake, na ndiyo maana mkusanyo wake ulijaa michoro ya chapa na picha za rangi za maji za wasanii waliokuwa hai. Kazi kubwa za rangi za mafuta za mabingwa wa Ulaya zilikuwa ghali kwa mfuko wake.

Alichokuwa nacho kwa wingi ni ujuzi wa kuwakalisha watu meza moja wakaondoka wamekubaliana. Ujuzi huo ulitoka nyumbani. Baba yake, Nelson Aldrich, alikuwa seneta wa Rhode Island kuanzia 1881 hadi 1911. Wakati huo maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo, wala si na wananchi moja kwa moja, hivyo siasa yake ilikuwa ya sebuleni zaidi kuliko ya jukwaani. Kikao cha siri cha mwaka 1910 katika kisiwa cha Jekyll, kilichochora mpango uliotangulia benki kuu ya Marekani, aliandaa yeye. Abby, aliyezaliwa Providence mwaka 1874, alikulia katika nyumba hiyo na alimsaidia baba yake kupokea wageni. Alipoolewa tarehe 9 Oktoba 1901, waalikwa walikuwa takriban 1,000.

Basi angalia alivyolipanga jambo lake mwaka 1929. Kwanza alipata wenzake wawili, Lillie Bliss na Mary Quinn Sullivan, ambao tayari walikuwa wakikusanya sanaa hiyo. Pili, wakatafuta mwenyekiti. Walimwendea A. Conger Goodyear wa Buffalo, aliyekuwa ametoswa kwenye bodi ya jumba la sanaa la mji wake baada ya kununua picha ya Picasso. Ulikuwa uteuzi wa akili sana: mtu aliyekwisha kuadhibiwa kwa kuipenda sanaa hii hawezi kuingiwa na woga haraka. Tatu, bodi ya wadhamini saba ikajazwa kwa hesabu. Paul Sachs wa Harvard alileta heshima ya kitaaluma, Frank Crowninshield, mhariri wa jarida la Vanity Fair, alileta sauti mjini, na Josephine Boardman Crane, mjane wa seneta, alileta mtandao wa familia za kisiasa. Sachs ndiye aliyempendekeza mkurugenzi, Alfred Barr, kijana wa miaka 27.

Milango ilifunguliwa tarehe 7 Novemba 1929, siku tisa tu baada ya soko la hisa la Wall Street kuporomoka. Hawakuwa na jengo lao, walikodi vyumba ghorofa ya 12 ya jengo la ofisi kwenye Fifth Avenue. Picha za Cézanne, Gauguin, Seurat na van Gogh zilizotundikwa ziliazimwa zote. Watu wapatao 47,000 walifika katika muda wa mwezi mmoja.

Kuazima kuna mwisho wake, lakini. Bliss alipofariki mwaka 1931 aliliachia jumba picha zake kwa sharti kwamba lithibitishe lina mfuko wa kudumu wa dola milioni moja. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na hata matajiri walikuwa wamebana. Kiasi kikashushwa hadi dola 600,000, na kikapatikana mwaka 1934. Wasia huo uliruhusu picha kuuzwa ili kununua nyingine, na kwa njia hiyo picha moja ya Degas ilisaidia kulipia Les Demoiselles d'Avignon ya Picasso.

Mbinu ya meza ya chakula ilikwama kwa Diego Rivera, mchoraji Mkomunisti wa Mexico. Abby alikuwa amenunua daftari lake la michoro ya rangi za maji ya sherehe za Mei Mosi za mwaka 1928 mjini Moscow, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema familia haikujua msimamo wake. Rivera akapewa kazi ya kuchora ukutani katika Rockefeller Center, majengo ya ofisi ya familia hiyo mjini New York, kwa dola 21,000. Alipoweka uso wa Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, Nelson, mwana wa Abby, alimwandikia akimwomba aweke mwingine. Rivera alikataa. Mei 1933 kazi ilisimamishwa, akalipwa fedha zake zote, na Februari 1934 ukuta ukavunjwavunjwa. Daftari lilikuwa mali ya Abby, lakini ukuta ulikuwa wa jengo la kupangisha, na wapangaji ndio waliotazamwa.

Mwaka 1935 Abby alilizawadia jumba kazi 181, na baadaye michoro ya chapa ipatayo 1,600. Jengo lake lenyewe, namba 11 West 53, lilifunguliwa Mei 1939, Nelson akiwa rais wa jumba. Huyu ndiye aliyekuja kuwa gavana wa New York na makamu wa rais wa Marekani. Ile nyumba ya ghorofa tisa ilibomolewa, na mahali pake leo pana bustani ya sanamu yenye jina la Abby.

Na mume? Alibadilika polepole, akatoa ardhi ya jumba. Abby alifariki tarehe 5 Aprili 1948. Mbali na sanaa ya kisasa, alikuwa amekusanya kazi za mafundi wa kawaida wa Marekani: vibao vya madukani, picha za familia zilizochorwa na wasanii wa kutembea vijijini, wanyama wa mbao. Vitu hivyo 424 vilipewa jumba lao wenyewe Williamsburg, mji wa Virginia ambao John Jr. alikuwa akiukarabati tangu miaka ya 1920. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1957, na safari hii fedha zilitoka mfukoni mwa mume huyo.