Kutoka kitandani hadi chooni: kugeuza ofisi kongwe kuwa makazi ya wazee

Mimi ni msanifu majengo, na kwa sasa nashughulikia jengo la ghorofa moja lililojengwa enzi ya Waingereza kwa ajili ya ofisi, si mbali na bandari ya Mwanza. Wenyewe wanataka liwe makazi ya wazee wanaohitaji kusaidiwa kuoga, kuvaa na kunywa dawa kwa wakati, lakini ambao hali zao hazilazimu kulazwa hospitalini. Swali la kwanza ninaloulizwa ni vyumba vingapi vitapatikana. Jibu langu ni kwamba hesabu hiyo haianzii vyumbani, bali kwenye njia fupi ambayo mzee ataipita saa nane ya usiku, akiwa na usingizi na mkongojo mkononi, kutoka kitandani hadi chooni.

Ofisi za zamani zilikuwa na vyoo mwisho wa korido, vya kutumiwa na ghorofa nzima. Makazi ya aina hii yanahitaji choo na bafu katika kila chumba, na hapo ndipo jengo linapoanza kukataa. Bomba la maji taka la milimita 110 linahitaji mteremko wa takriban 1 kwa 40, maana yake ni kwamba katika mita 6 linashuka sentimita 15. Fundi akiinua sakafu ya bafu ili kulificha, anazalisha ngazi pale pale tunapotaka kuiondoa. Kwa hiyo tumepanga mabafu ya juu yakae sawasawa juu ya yale ya chini, na yote yakaribiane na mabomba ya kushusha. Vyumba vimepungua, nami nimekubali hasara hiyo bila kusita. Nje ya jengo, mwamba wa Mwanza hauruhusu mtaro kuchimbwa popote mtu apendapo, hivyo njia ya bomba hufuata ardhi inavyokubali.

Kabla ya kuvunja ukuta wowote, nilichora chumba kizima kwa chaki sakafuni: kitanda, kabati, sinki na choo. Nikamwomba bibi mmoja anayetembea kwa mkongojo atupitie. Baada ya shikamoo na marahaba alitembea vizuri hadi mlangoni, akasimama. Kizingiti cha mbao chenye urefu wa sentimita 4 hivi, ambacho sisi sote tulikuwa tukikivuka siku nzima bila kukiona, kilimfanya ashike fremu kwa mikono miwili na kuuachia mkongojo uanguke. “Hapa mwanangu, mimi nitaanguka,” akasema. Vizingiti vyote vinaondolewa. Milango inapanuliwa ili ipatikane nafasi wazi ya sentimita 90, na kila bafu linaachiwa duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti cha magurudumu. Kiti cha choo kinakaa kati ya sentimita 45 na 48 kutoka sakafuni, kwa sababu kikiwa chini zaidi magoti yaliyochoka hayawezi kuunyanyua mwili.

Kuta zenyewe ni za mawe yaliyojengwa kwa chokaa, na wakarabati waliotangulia walizipiga lipu ya saruji. Tulipoibandua upande wa ziwani, mawe yalikuwa na majimaji na chokaa ilimomonyoka kwa kidole. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa tena. Saruji huufungia ndani, kisha rangi huchubuka na ukungu huota, jambo baya kwa kifua cha mzee. Tunarudisha lipu ya chokaa, ingawa hukauka polepole na mafundi hulalamika. Vishikio vya bafuni navyo vinafungwa kwa boliti ndefu zinazoingia ndani ya jiwe, kwani skrubu fupi ikikaa kwenye chokaa itang'oka siku mtu atakapoiegemea kwa uzito wake wote.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1886. Jengo changa zaidi hulindwa likitangazwa rasmi. Kwa majengo mengi ya mjini kwetu, basi, uhifadhi huamuliwa mezani kwa msanifu na mwenye mali. Nimeshikilia baraza refu la mbele libaki wazi. Lina kivuli, linapata upepo wa ziwa, na mzee aliyeketi pale huona watu wakipita.

Bado kuna suala la moto. Wazee hawawezi kuharakishwa kwenye ngazi, kwa hiyo kila ghorofa inagawanywa mara mbili kwa ukuta na mlango unaozuia moto, ili wahamishwe kwanza upande salama wa sakafu ileile. Lifti itakuwa ya kubeba machela, yenye kina cha sentimita 210, na itakuwa na jenereta yake. Hadi hapo itakapofungwa na kujaribiwa umeme ukiwa umekatika, hakuna atakayelazwa ghorofani ikiwa hawezi kushuka ngazi mwenyewe.