Kipepeo mdogo si mtoto wa kipepeo mkubwa

Mvua zikianza Tabora, vipepeo hujaa kwenye madimbwi ya barabarani, wadogo kwa wakubwa. Wengi wetu tumekua tukiamini kuwa wale wadogo ni watoto, watakuwa wakubwa baadaye. Inaeleweka: kifaranga hukua, ndama hukua.

Ila kipepeo akishaota mbawa hakui tena. Ukuaji wote hufanyika akiwa kiwavi, anayekula majani na kujivua ngozi mara kadhaa; kisha hugeuka pupa, yaani hutulia ndani ya ganda, na humo ndimo mbawa hutengenezwa. Wadogo unaowaona ni aina nyingine, au walikosa chakula cha kutosha wakiwa viwavi. Wale weupe wenye ncha za mbawa za rangi ya chungwa, jamii inayoishi maeneo yenye ukame hadi kingo za jangwa la Sahara, ni vipepeo waliokomaa kabisa.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta mlimau. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga yai mojamoja kwenye majani yake. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege (ndiyo maana tunampita tu). Baadaye huwa wa kijani, na ukimgusa huchomoza pembe laini yenye harufu kali. Mfuge kwenye chombo kipana kilichofunikwa chandarua, umwekee kijiti na majani mabichi ya mlimau kila siku. Akitoka kwenye pupa, mbawa huwa zimekunjamana; husukuma maji ya mwilini ndani yake hadi zinyooke. Zikishakauka, mpime kwa rula bila kumshika, kisha mwachie. Kipimo hicho hakitaongezeka.