Jagi si feki: pima volti na ampea maji yakiwa yanachemka

"Fundi, na hili nalo feki."

Ndivyo nilivyopokelewa kwenye saluni moja pale Uyole, Mbeya, asubuhi ya Julai, baridi ile ya mtu akiongea moshi unatoka mdomoni. Dada mwenye saluni alikuwa na jagi la umeme la pili ndani ya mwezi mmoja. Kuhusu la kwanza nilimjibu mwenyewe kwa simu, bila kufika, kwamba koili imechoka, anunue jingine. Akanunua. Maji yakawa yanachemka kwa uvivu uleule, huku wateja wamejikunyata wakisubiri kuoshwa nywele.

Chini ya jagi pameandikwa wati 2000, volti 230. Wengi huyasoma maandishi hayo kama ahadi, kwamba popote utakapolichomeka utapata wati 2000. Kumbe kisichobadilika pale ni ukinzani wa koili, yaani jinsi inavyoubana umeme usipite, na huo umejificha kwenye namba hizohizo. Nguvu ni volti mara ampea, kwa hiyo 2000 gawanya kwa 230 unapata ampea 8.7. Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea: 230 kwa 8.7, omu 26 na kidogo. Nikalichomoa, nikabonyeza swichi yake, nikagusisha testa, ile mita ya kupima omu, volti na ampea, kwenye pini mbili za chini za plagi. 26.4. Jagi zima kabisa. (Balbu ya zamani ya uzi usiipime hivyo. Uzi ukiwa wa baridi ukinzani wake ni mdogo mara kumi na zaidi kuliko ukiwaka. Koili ya jagi haina tabia hiyo.)

Nikapima soketi: volti 228. "Si unaona umeme upo?" akasema dada. Ulikuwepo kwa sababu hakuna aliyekuwa anautumia. Waya mbovu usiopitisha mkondo hauli volti hata moja, kwani ampea sifuri mara omu zozote ni sifuri. Mafundi wengi tunadanganyikia hapo, na mimi nimo.

Tukajaza maji, tukawasha, nikapima tena jagi likivuta. Soketi ikashuka hadi volti 203. Klempu mita, ile yenye mdomo wa kubana waya, ikasoma ampea 7.7. Ukiibana kebo nzima utasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana. Lazima ubane waya mmoja tu, na ndiyo maana natembea na ekstensheni fupi niliyoitenganisha nyaya zake. Na tafadhali, usichomeke testa kwenye soketi ukiwa umeiweka upande wa ampea. Hiyo ni shoti.

203 mara 7.7 ni wati 1563. Katika zile wati 2000, zaidi ya moja ya tano haipo. Nikaenda kwenye meni swichi nyumba kubwa, jagi bado linavuta: volti 225. Basi volti 22 zinapotelea njiani. Gawanya kwa ampea 7.7, waya wa kuja saluni una omu 2.86. Ni mita 40 za waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, kwenda na kurudi mita 80. Waya huo una omu kama 18 kwa kilomita, kwa hiyo wenyewe ulistahili omu 1.45 tu. Omu 1.4 iliyobaki ilitoka wapi?

Darini. Kiungo cha kusokota kwa mkono, utepe umeyeyuka, na mbao iliyo chini yake imeanza kuwa nyeusi. Omu 1.4 ikipita ampea 7.7 inatoa joto la wati 83 hivi. Kile kichuma changu cha kulehemu redio ni wati 40. Fikiria viwili vimewashwa na kuachwa juu ya dari kila mtu anapooshwa nywele.

Hapo ndipo na LUKU inapoliwa. Volti 22 mara 7.7 ni wati 169 zinazopasha dari, kama moja ya kumi ya zile zinazofika kwenye maji. Lita 1.7 za maji ya nyuzi 12, zikichemka kwenye nyuzi 94 kama kwetu huku juu, zinataka dakika karibu tano kwa wati 2000. Kwa wati 1563 ni sita na ushee.

Ujanja huu wa kugawanya volti kwa ampea aliuchapisha Mjerumani Georg Ohm, mwalimu wa shule, mwaka 1827. Naye volti zilimsumbua: betri za wakati ule zilikuwa zinashuka akiwa katikati ya kupima, akalazimika kutumia chanzo kingine kilichotulia. Ila usiubebe mzimamzima hadi kwenye mota ya mashine ya kusaga. Volti zikishuka, jagi huvuta ampea chache. Mota yenye mzigo huvuta nyingi zaidi, hadi inaungua.

Nikavuta waya wa milimita 2.5, hakuna kiungo njiani. Jagi likiwa linavuta, soketi ikasoma volti 220, ampea 8.3. Dada akachukua simu akazidisha mwenyewe: 1826.

Kisha akaniuliza lile jagi la kwanza, alilompa mdogo wake kwa maneno yangu, nitamlipa lini.