Je, Wajua? Kanisa Katoliki Halilazimishi Mashine Iendelee Hadi Mwisho

Mjomba wangu alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, figo zimegoma, mashine ndiyo inampumulia. Madaktari walipotuambia tiba zimekwisha, mama alinigeukia: "Mwanangu, Kanisa linasemaje?" Nikajibu kwa uhakika kwamba Wakatoliki hatuzimi mashine, huko ni kuua. Paroko aliyekuja kumpaka mjomba mafuta alinirekebisha pale pale koridoni.

Wengi bado wanaamini nilivyoamini, na imani hiyo inaumiza familia bure. Kanisa linapinga eutanasia: kumuua mgonjwa ili kumwondolea mateso, iwe kwa sindano au kwa kumnyima makusudi kinachomweka hai. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2277, inaiita mauaji. Lakini geuza namba moja tu: 2278 inaruhusu kusitisha tiba iliyo mzigo mkubwa, ya hatari, au isiyolingana na matokeo yanayotarajiwa. Namba 2279 inaongeza kwamba dawa za maumivu zinaweza kutolewa hata kama huenda zikafupisha siku, mradi kifo hakikusudiwi. Wala si mafundisho ya juzi. Papa Pio XII aliwaambia hayo madaktari wa usingizi mwaka 1957. Karne nne kabla yake, Francisco de Vitoria wa Hispania, mtawa wa shirika la Wadominikani, alifundisha kwamba mgonjwa halazimiki kula vyakula bora vya gharama, kuku kwa mfano, hata daktari akimwambia vitamrefushia maisha.

Sasa tofauti iko wapi, ikiwa mgonjwa atakufa vyovyote vile? Fikiria mgeni. Ameshaaga, amevaa viatu, mkoba uko begani. Ukiendelea kuziba mlango na kumvuta mkono, unamtesa. Ukimwachia mkono hujamfukuza: safari ni yake, ilishaanza. Kumsukuma nje wakati bado amekaa kwenye mkeka ni jambo jingine kabisa, hata kama mlango aliopitia ni ule ule. Kusitisha tiba isiyofaa tena ni kuachia mkono, na kinachoua hapo ni ugonjwa. Eutanasia ni kusukuma.

Mpaka huo, hata hivyo, haupimwi kwa rula. Waraka wa Vatikani wa mwaka 1980 unataka yaangaliwe pamoja aina ya tiba, hatari yake, gharama, na nguvu za mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana mashine ile ile inaweza kuwa wajibu kwa kijana mwenye nimonia, na mzigo usiolazimu kwa mzee ambaye saratani imeshamwenea.

Mwaka 1975, huko New Jersey, Marekani, Karen Ann Quinlan, msichana wa miaka 21, alizimia na hakuzinduka. Wazazi wake, Wakatoliki, walizungumza na padre wao, kisha wakaomba mashine ya kupumulia iondolewe. Askofu wao aliwaunga mkono, na mahakama ya juu ya New Jersey ikakubali mwaka 1976. Mashine ikaondolewa, na Karen akaendelea kupumua mwenyewe hadi mwaka 1985. Muda wote huo wazazi hawakugusa mrija wa chakula. Kwao, ule haukuwa mkono uliomzuia kuondoka.

Suala la mrija ndilo gumu zaidi. Mwaka 2004 Papa Yohane Paulo II alisema chakula na maji, hata kwa mrija, ni huduma ya kawaida anayostahili mgonjwa asiye na fahamu. Alisema "kimsingi", maana wapo wagonjwa ambao mwili haupokei tena chochote. Mgeni anayeondoka bado hupewa maji ya njiani, akiweza kuyanywa.

Mwaka mmoja baadaye zamu ikawa yake. Mwishoni mwa Machi 2005 Vatikani ilitangaza kwamba Papa analishwa kwa mrija wa puani. Hali ilipozidi kuwa mbaya, hakurudishwa hospitali ya Gemelli. Alibaki chumbani kwake, watu wakisali uwanjani chini ya dirisha, akafariki usiku wa Aprili 2.