Dondoo za Mbegu: Kinachopatikana Hutegemea Kilichotumika Kukitoa

Mbegu ni mmea mchanga uliofungwa pamoja na akiba yake ya chakula, ukisubiri mvua ambayo huenda ikachukua miezi au hata miaka kufika. Katika muda huo wote mafuta yaliyomo ndani yake hayatakiwi kuchacha, wala wadudu na ukungu hawatakiwi kuimaliza kabla haijaota. Ndiyo maana mbegu nyingi zina vitamini E na fenoli, yaani kemikali za mmea, zinazozuia oksijeni isiharibu mafuta, na ndiyo maana pia baadhi yake zina sumu kali. Vyote viwili ni ulinzi wa mmea wenyewe, na anayetaka kunufaika navyo hana budi kujua anachukua kipi.

Tunapoulizwa iwapo mbegu fulani ni nzuri kwa afya, huwa tunarudisha swali: unazungumzia mbegu yenyewe, mafuta yake, au dondoo yake? Dondoo hupatikana pale mbegu iliyosagwa inapolowekwa katika kiyeyushi, kama vile maji au alkoholi, kisha kiyeyushi hicho kikachujwa na kukaushwa. Kila kiyeyushi huchukua kile tu kinachoyeyuka ndani yake na kuacha vingine kwenye makapi.

Mbegu za kitani zinalionyesha jambo hili waziwazi. Ukiloweka kiganja kimoja cha mbegu hizo, baada ya muda mfupi zitaanza kuteleza kwa ute mzito. Ute huo ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo hulainisha choo na kusaidia kupunguza kolesteroli kwa kiasi. Takriban asilimia 40 ya uzito wa mbegu ni mafuta, na zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni asidi ya alfa-linoleniki, aina ya omega-3 ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Kwenye ganda kuna lignani, aina ya fenoli, ambazo bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa enterolaktoni, kampaundi inayofanana kwa umbo na homoni ya estrojeni. Sasa zikamue: mafuta yatatoka na omega-3, lakini nyuzinyuzi na karibu lignani zote zitabaki kwenye mashudu. Loweka mashudu hayo katika alkoholi iliyochanganywa na maji, nawe utapata lignani zisizo na omega-3 ya kutajika. Anayemeza mbegu nzima bila kuzisaga hapati sana chochote kati ya hivyo, kwa sababu ni ndogo, zinateleza, na meno huzikosa, kisha hupita tumboni na kutoka kama zilivyoingia.

Kosa la kuchanganya mafuta na dondoo hujitokeza sana katika mbegu za zabibu. Mafuta yake husifiwa kwa proanthosayanidini, fenoli zile zinazokausha ulimi mtu akitafuna mbegu hizo, ilhali fenoli hizo huyeyuka katika maji na alkoholi, na sehemu kubwa haifuati mafuta. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotuokoa kwa mbegu za nyonyo. Risini, protini inayoweza kuua kwa kiasi kidogo mno, haiyeyuki katika mafuta. Hivyo mafuta ya nyonyo yaliyokamuliwa na kusafishwa ipasavyo hayana risini, nayo hubaki kwenye mashudu.

Kuna mbegu ambazo hatupaswi kuzifanyia majaribio. Mbegu chungu zilizo ndani ya kokwa za aprikoti zina amigdalini, ambayo huachia sumu ya sayanidi inapokutana na vimeng'enya vya mbegu wakati wa kutafuna, au na bakteria wa utumbo. Imeuzwa kwa miaka mingi kama tiba ya saratani, na hili linaniuma, kwa maana wanaolengwa ni watu waliokwisha kukata tamaa. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 178 na kuchapishwa mwaka 1982 haukuona manufaa yoyote ya maana, na baadhi ya wagonjwa walionyesha dalili za sumu ya sayanidi. Mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima anayekula zaidi ya mbegu 3 ndogo mbichi kwa mara moja anaweza kuvuka kiwango salama, na kwa mtoto mdogo hata moja ni nyingi.

Timokwinoni, kampaundi iliyomo katika mbegu za habasoda, imeua seli za saratani katika vyombo vya maabara, lakini kampaundi nyingi hufanya hivyo bila kumponya mgonjwa hata mmoja. Dondoo inayofanya kazi kweli mwilini hugongana na dawa: uwatu, kwa mfano, hushusha sukari, na ukitumiwa pamoja na dawa za kisukari unaweza kuishusha kupita kiasi. Daktari aelezwe mapema, hasa kwa mjamzito na kwa anayesubiri upasuaji.

Lebo inayosema 10:1 inaeleza tu kwamba kilo 10 za mbegu zimetoa kilo 1 ya dondoo. Haisemi kampaundi inayotafutwa imo kwa kiasi gani. Tafuta iliyotaja kampaundi hiyo, asilimia yake na kiyeyushi kilichotumika. Mafuta ya kitani yawekwe kwenye chupa nyeusi ndani ya jokofu, kwani hushika oksijeni upesi, na tabia hiyo ndiyo iliyoyafanya yatumike kutengenezea rangi za kupaka zinazokauka zenyewe. Yakianza kunuka kama rangi hiyo, yamwagwe.