Kwa nini manyuali inasema "kaza, kisha zungusha nyuzi 90"?

Fungua manyuali ya injini ya dizeli ya Volkswagen 1.9 TDI kwenye ukurasa wa kufunga silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda. Utakuta hatua nne: Newtonmita 40, kisha 60, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Mbili za kwanza hazimsumbui fundi mwenye spana ya toki, ile inayolia ikifika Newtonmita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) ulizoiwekea. Lakini nyuzi 90 ni robo ya mzunguko tu, na kitabu hakisemi utumie nguvu kiasi gani. Mbona kipimo kinageuka kazi ikiwa nusu? (Kiswahili nacho kina utani wake: pembe ina nyuzi, bolti ina nyuzi. Hizi za bolti nitaziita thredi, kama gereji.)

Mchawi ni msuguano. Ukikaza bolti, karibu sehemu 9 kati ya 10 za nguvu yako huishia kwenye msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye thredi. Kijisehemu kinachobaki ndicho kinachoivuta bolti na kubana hedi. Sasa bolti moja iwe na kutu, jirani yake iwe na oili: spana italia "tka!" kwa kipimo kilekile, ila ile ya kutu itakuwa haijabana vya kutosha. Spana haijakosea. Imepima ugumu wa kuzungusha, si mbano wenyewe.

Pembe haijali kutu. Bolti ambayo thredi zake zimeachana milimita 1.75 ikizungushwa robo inaingia milimita 0.44, iwe kavu au imelowa. Zile Newtonmita za mwanzo ni za kukalisha hedi juu ya gasketi, ile pakingi kati ya hedi na bloku (mwili wa injini); robo mbili zinazofuata ndizo zinazoirefusha bolti.

Na dizeli haina mchezo. Silinda ya injini hii ina kipenyo cha milimita 79.5. Shinikizo la mwako likifika bar 140, hedi inasukumwa juu kwa uzito wa kama tani 7, na kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, injini ya silinda nne hupiga hivyo zaidi ya mara 60 kila sekunde.

Kwa hiyo bolti huvutwa makusudi mpaka chuma chake kinapoanza kuvutika bila kurudi, kama mpira wa kufungia mzigo kwenye keria uliochoka. Ikifika hapo, hata ukizidisha nyuzi mbili tatu mbano haubadiliki sana, na bolti zote kumi zinabana karibu sawa. Gharama yake ni kwamba hairudi urefu wake, ndiyo maana kitabu kinataka bolti mpya. Toyota, kwa baadhi ya injini zake, hukuruhusu kupima unene kwanza, iliyokonda inatupwa. Mtaani wengi hurudisha zilezile bila kupima, kisha gasketi ikiungua wanalaumu gasketi.

Kabla ya kufunga, kausha matundu ya bolti. Oili iliyotuama chini haina pa kwenda, na bolti ikiishindilia inaweza kupasua bloku.

Na huhitaji kifaa cha kupimia pembe. Baada ya Newtonmita 60, weka nukta ya rangi nyeupe kwenye kila bolti, zote zitazame mkanda wa taimingi. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, robo, halafu robo. Ukimaliza, nukta zote kumi zinatazama flaiwili, lile gurudumu zito la upande wa pili wa injini. Inayotazama pembeni ndiyo uliyoiruka.